Orange Pi 5 au Raspberry Pi 5 kwa kamera ya kutambua watu?

Ndugu, umeuliza kompyuta ndogo ipi kati ya hizi mbili ifae kamera moja ya getini. Orange Pi 5 inatosha: chipu yake ya RK3588S kutoka Rockchip ina NPU (sehemu ya kukokotoa akili bandia) ya TOPS 6, yaani operesheni trilioni 6 kwa sekunde, humo humo ndani. Raspberry Pi 5 haina, itabidi uongeze AI Kit, kifaa cha nyongeza chenye chipu ya Hailo-8L ya TOPS 13, iliyotoka 2024 kwa dola 70. Ila namba zisikuzuzue, kinachotesa watu ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia chipu. Kwa miaka NPU ya Rockchip ilitaka kaneli (kiini cha mfumo wa Linux) ya zamani ya kampuni hiyo pamoja na maktaba ya programu ambayo msimbo wake umefichwa. Draiva huria (yenye msimbo ulio wazi), Rocket, imeingia kwenye Linux 6.18 mwishoni mwa 2025. Hupendi kuhangaika na kaneli? Chukua Raspberry Pi. Na feni usisahau, zote mbili zinachemka.