Quiet Riot: Waliokuja, Walioondoka na Aliyelibeba Jina

SWALI: Shikamoo, Mzee. Mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukibishana kuhusu bendi ya Quiet Riot ya Los Angeles. Mmoja anashikilia kwamba gitaa la solo linalosikika katika albamu ya Metal Health lilipigwa na Randy Rhoads, kwa sababu ndiye mwasisi wa bendi. Wa pili anasema Rhoads hakuwahi kuwa Quiet Riot hata siku moja, bali alikuwa mpiga gitaa wa Ozzy Osbourne tu. Mimi nimeona picha za bendi hiyo za miaka mbalimbali, na kila picha ina sura tofauti, hadi sijui nimwamini nani. Naomba utufafanulie ilianzaje, na nani aliingia na kutoka wakati gani.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kila mmoja wa wenzako ameshika kipande cha habari na kukifanya habari nzima. Rhoads ni mwasisi wa Quiet Riot kweli, lakini katika Metal Health hakupiga hata noti moja. Albamu hiyo ilitoka tarehe 11 Machi 1983, wakati Rhoads alikuwa ameshafariki tarehe 19 Machi 1982. Ili uelewe ni kwa nini watu wengi huchanganya mambo haya, inafaa twende nyuma miaka kumi.

Mama yake Randy, Delores Rhoads, aliendesha shule ya muziki iliyoitwa Musonia huko North Hollywood, na kijana huyo alikulia humo, akajifunza humo, na baadaye akawa mwalimu wa gitaa humo humo. Mwaka 1973 yeye na rafiki yake wa shuleni, Kelly Garni, aliyekuwa mpiga besi, walianzisha bendi ambayo kwanza ilibadilisha majina. Wakampata Kevin DuBrow wa kuimba na Drew Forsyth wa kupiga dramu, na kuanzia mwaka 1975 wakajulikana kwa jina la Quiet Riot. Waliujaza ukumbi wa Starwood na kumbi nyingine za Los Angeles, wakavaa mavazi ya kumetameta na tai za nukta nukta, na vijana wa mji ule wakawapenda. Pamoja na hayo, hakuna kampuni ya Marekani iliyokubali kuwarekodi. Wenzao wa mji huo huo, Van Halen, walipata mkataba wao mwaka 1977, ilhali Quiet Riot waliambulia mkataba wa Japani tu, ambako albamu zao mbili za kwanza zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970 bila kuuzwa nyumbani kwao.

Hapo ndipo mabadiliko ya kikosi yalipoanza. Garni aliondoka mwaka 1978 baada ya ugomvi mkali uliotokana na chuki yake dhidi ya DuBrow, na nafasi yake ikachukuliwa na Rudy Sarzo, mzaliwa wa Havana nchini Cuba. Ukitazama jalada la albamu ya pili utamwona Sarzo amesimama na wenzake, ilhali besi unayoisikia ndani yake ilipigwa na Garni, aliyekuwa ameshaondoka wakati picha inapigwa. Nakuomba ulikumbuke jalada hilo kila unapotazama zile picha zako, kwa sababu katika bendi hii picha na sauti mara nyingi haziendi pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 1979 Rhoads alichukuliwa na Ozzy Osbourne, mwimbaji Mwingereza aliyekuwa ametoka katika bendi ya Black Sabbath na kutafuta mpiga gitaa wa kuanza naye upya. Kwa hiyo mwenzako wa pili ana sababu ya kumhusisha Rhoads na Osbourne, maana dunia nzima ilimfahamu kutokana na albamu mbili alizorekodi naye. Quiet Riot ikavunjika. DuBrow alikataa kulala njaa ya muziki: aliunda bendi aliyoipa jina lake mwenyewe, akapita na wapigaji mbalimbali, na miongoni mwao wakabaki Frankie Banali kwenye dramu, Carlos Cavazo kwenye gitaa na Chuck Wright kwenye besi. Sarzo naye alimfuata Rhoads kwa Osbourne mwaka 1981.

Asubuhi ya tarehe 19 Machi 1982, msafara wa Osbourne ukiwa umesimama Leesburg, Florida, Rhoads alipanda ndege ndogo pamoja na watu wengine wawili. Ndege hiyo iliruka chini chini juu ya basi la wanamuziki, bawa lake likaligonga basi, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Wote watatu walifariki. Rhoads alikuwa na umri wa miaka 25, na Sarzo alikuwa ndani ya basi hilo.

Mwaka huo huo DuBrow na wenzake walikuwa wakirekodi chini ya mtayarishaji Spencer Proffer wa kampuni ya Pasha, wakalirudia jina la Quiet Riot. DuBrow alikuwa na wimbo mmoja wa taratibu uliomhusu Rhoads, unaoitwa Thunderbird, akamwomba Sarzo aje kuupigia besi kwa heshima ya rafiki yao. Sarzo alikuja kwa ajili ya wimbo huo mmoja, kazi ikanoga, akabaki na kurekodi nyingine, na baadaye akamwacha Osbourne na kurudi moja kwa moja. Ndiyo sababu Metal Health ina wapiga besi wawili: Wright anasikika katika wimbo uliobeba jina la albamu na katika Don't Wanna Let You Go, na zilizobaki ni za Sarzo. Gitaa lote ni la Cavazo. Huenda mwenzako wa kwanza amepotoshwa na Slick Black Cadillac, wimbo uliotoka enzi za Rhoads katika albamu ya pili ya Japani na kurekodiwa upya hapa kwa mikono ya Cavazo.

Wimbo uliowatoa, Cum On Feel the Noize, ulikuwa wa bendi ya Slade ya Uingereza, uliovuma huko mwaka 1973. Proffer aliutaka, DuBrow na wenzake hawakuutaka, na Banali alisimulia mara nyingi kwamba walikusudia kwenda studio bila kuufanyia mazoezi ili uharibike na waachiwe. Usikilize mwanzo wake: dramu za Banali zinaingia peke yake, nzito na pana, kisha sauti ya DuBrow inapaza kiitikio kabla ya gitaa kuingia. Hakuna kilichoharibika hapo. Wimbo ulifika nafasi ya 5 katika chati ya Marekani, na tarehe 26 Novemba 1983 albamu yenyewe ikakamata nafasi ya kwanza kwa kuwaondoa The Police. Wengi huihesabu kuwa albamu ya kwanza ya hevi metali kufika hapo nchini Marekani, na mauzo yake humo yalivuka nakala milioni 6. Mlango wa glamu metali, ule muziki wa roki nzito wenye viitikio vya umati, nywele zilizotimuliwa na rangi usoni, ulifunguliwa kwa kiasi kikubwa na watu hawa wanne: DuBrow, Cavazo, Sarzo na Banali. Mtu akikuambia «kikosi kamili cha Quiet Riot», kwa kawaida anamaanisha hao.

SWALI: Mwandishi mpendwa, nimesoma kwamba mwaka 1987 Quiet Riot walimfukuza Kevin DuBrow, mwimbaji wao. Inawezekanaje bendi ikamfukuza mtu aliyeihangaikia tangu mwanzo na kuifikisha kileleni? Je, walifaidika?
Mama wawili, Nakuru

JIBU: Dada yangu, swali lako linagusa sehemu ya habari hii inayonihuzunisha kuliko nyingine. Kipaji cha DuBrow kilikuwa katika koo lake na katika ukaidi wake, na ukaidi ule ule uliomwezesha kuishikilia bendi katika miaka ya njaa ndio uliomponza baada ya kushiba. Alipofika juu alianza kuwasema vibaya wanamuziki wengine wa Los Angeles kwenye magazeti, akidai kwamba wasingepata mikataba bila yeye kuwatangulia. Dai hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, jambo ambalo lilizidi kuwaudhi waliolisikia. Watangazaji, waandishi na wenzake wa kazi walimchoka.

Mambo yalishuka hatua kwa hatua. Albamu ya Condition Critical ya mwaka 1984 ilifuata njia ile ile hadi kuurudia wimbo mwingine wa Slade, ikaishia nafasi ya 15. Nadhani kosa kubwa lilikuwa hapo, wala si katika ulimi wa DuBrow peke yake: bendi iliyokuwa na nyimbo zake nzuri ilikubali kujirudia kwa haraka ili isipoteze upepo. Sarzo aliondoka mapema mwaka 1985, akaja kuonekana baadaye katika bendi ya Whitesnake, na Chuck Wright akarudi kushika besi. Albamu ya tatu baada ya kupata umaarufu, ya mwaka 1986, ilijaa vinanda na kufika nafasi ya 31. Mwaka uliofuata DuBrow aliondolewa.

Hawakufaidika. Walimleta Paul Shortino, mwimbaji mzuri mwenye sauti ya mkwaruzo aliyetokea bendi ya Rough Cutt, na Sean McNabb kwenye besi, wakatoa albamu mwaka 1988 iliyoishia nafasi ya 119. Sina neno baya juu ya uimbaji wa Shortino. Tatizo ni kwamba baada ya Rhoads, Garni, Forsyth na Sarzo kuondoka, wasikilizaji walikuwa wamebakiwa na sauti moja tu ya kuitambulisha Quiet Riot, na sasa hiyo nayo ilikuwa imetolewa. Mwaka 1989 bendi ilivunjika. DuBrow na Cavazo walipatana mwanzoni mwa miaka ya 1990, Banali akarejea kwa ajili ya albamu ya mwaka 1993, na mwaka 1997 Sarzo naye akarudi, wale wanne wakapanda jukwaani pamoja tena hadi mwaka 2003.

SWALI: Ndugu Mwandishi, bendi inayozunguka leo kwa jina la Quiet Riot haina mwasisi hata mmoja. Je, ni halali kuiita Quiet Riot? Nahisi mashabiki tunadanganywa.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu, naelewa uchungu wako, lakini sikubali kwamba umedanganywa. Kama uasisi ndio kipimo, basi hata Metal Health ilikuwa na mtu mmoja tu wa kikosi cha miaka ya 1970 wakati kazi ya kuirekodi inaanza, naye ni DuBrow.

Mwaka 2004 DuBrow na Banali waliiunda bendi upya, wawili hao wakiwa ndio nguzo. Mwezi Novemba 2007 DuBrow alikutwa amefariki nyumbani kwake Las Vegas akiwa na umri wa miaka 52, na uchunguzi ulionyesha kwamba alizidisha kokeini. Banali alitangaza kuwa bendi imefika mwisho, na kwa karibu miaka mitatu ikawa hivyo. Mwaka 2010 aliirudisha kwa ridhaa ya familia ya DuBrow, akiwa na Wright kwenye besi, Alex Grossi kwenye gitaa na Mark Huff akiimba.

Kuanzia hapo kiti cha mwimbaji hakikupata mwenyewe kwa muda mrefu. Baada ya Huff walipita Keith St. John kwa kipindi kifupi, Scott Vokoun, Jizzy Pearl, Seann Nicols, James Durbin aliyejulikana kupitia shindano la American Idol, kisha Pearl tena tangu mwaka 2019. Albamu ya Road Rage ilikuwa imeshaimbwa na Nicols alipoondoka. Sauti zikafutwa, Durbin akaziimba upya juu ya muziki ule ule, na albamu ikatoka mwaka 2017. Hilo linaonyesha ugumu wa kumrithi DuBrow kuliko maelezo yangu yoyote.

Banali aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwezi Aprili 2019. Alipanda jukwaani kila alipoweza, na asipoweza wengine walimshikia vijiti, hadi alipofariki tarehe 20 Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 68. Mtu huyu hakuwa mwasisi. Hata hivyo ndiye aliyepiga dramu katika kila albamu ya studio iliyotoka kwa jina la Quiet Riot kuanzia 1983 hadi kifo chake, na ndiye aliyefanya pia kazi ya umeneja katika miaka ambayo hakukuwa na fedha wala sifa ya kugombania. Ukiniuliza nani alilibeba jina hili, nitamtaja Banali kabla ya Rhoads, ingawa najua wapenzi wa gitaa watanilaumu.

Baada yake Johnny Kelly, aliyewahi kuwa katika bendi ya Type O Negative, alichukua dramu, na mwaka 2021 Sarzo akatangaza kurudi kwa mara nyingine. Kwa hiyo, ukiiona bendi hii ikiwa na Sarzo jukwaani, unamwona mtu aliyekuwa na Rhoads mwaka 1978 na aliyesikika katika Metal Health. Mimi naona huo ni uhalali wa kutosha.

SWALI: Nawezaje kuzisikia zile albamu mbili za Japani?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Njia rahisi ni mkusanyiko uliotolewa mwaka 1993 ukiwa na jina la Randy Rhoads, ambao umechagua nyimbo kutoka kipindi hicho. Ujue tu kwamba DuBrow aliziimba upya sehemu kubwa ya nyimbo hizo kabla ya kutolewa. Gitaa unalolisikia ni la kijana aliyekuwa bado anafundisha Musonia, na sauti ni ya mwanamume aliyekaribia miaka 40. Ukitaka kumsikia DuBrow wa wakati ule, tafuta sahani za Japani zenyewe kwa wauzaji wa sahani za zamani, na uandae fedha, kwa sababu wenye nazo wanaijua thamani yake.