Friji linalotekenya

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ya kupanga huku Mbagala, kazi ndogo tu ya kubadilisha soketi. Koridoni kulikuwa na friji, na mbele yake jozi ya ndala za bluu zimepangwa kama za mlangoni msikitini. Mama mwenye nyumba aliponikaribisha maji ya baridi, nikanyoosha mkono kufungua, akanizuia.

"Fundi, vaa kwanza hizo ndala. Hilo friji linatekenya."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Ramadhani. Linatekenya tu, haliui."

Nikatoa mita. Ncha moja kwenye bodi ya friji, nyingine kwenye bomba la chuma la maji. Ikasoma volti 190. Umeme wa soketi zetu ni 230, kwa hiyo lile bodi lilikuwa karibu sawa na waya wa moto uliopakwa rangi nyeupe. Wapangaji watano na watoto wao walikuwa wanalishika kila siku.

Hiyo "haliui" naijua vizuri. Mwaka 2007 nilikuwa kibarua wa fundi mmoja, tunafunga pampu ya maji uani kwa mtu. Niko peku, ardhi imelowa, nikashika bomba la pampu. Mkono ukafunga. Watu hudhani umeme unakurusha, na kweli wakati mwingine unakurusha, lakini ukishika kitu kwa kiganja hali ni nyingine. Misuli inayokunja vidole ina nguvu kuliko ile inayovinyoosha. Umeme ukiikaza yote kwa pamoja, ya kukunja inashinda. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka, kifua kimekaza. Bosi wangu yuko hatua nne tu, amenipa mgongo, anapiga mluzi. Kilichoniokoa ni kuanguka: uzito wangu ulivuta waya na plagi ikachomoka ukutani.

Kwa nini sikuachia nilikuja kuelewa baadaye. Ampia ni kipimo cha umeme unaopita. Ampia moja ni miliampia 1,000, na mwili wa binadamu unahesabiwa kwa hizo ndogo. Miliampia 1 ndiyo kutekenywa kwenyewe. Kuanzia kama 10 hivi wengine hawawezi tena kuachia. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, aliwapima watu waliojitolea: kwa wastani wanaume walifikia mwisho wa kuweza kuachia kwenye miliampia 16, wanawake kwenye 10.5. Kati ya 20 na 30 misuli ya kupumua inaanza kukwama. Ukivuka 50 na umeme ukakaa mwilini zaidi ya sekunde moja, moyo unaweza kuacha kupiga na kubaki unatetemeka tu, hausukumi damu. Hapo unabaki na dakika chache.

Sasa yule mama alikuwa anatekenywa tu kwa sababu gani? Kwa sababu ya ndala, na kwa sababu ngozi kavu inazuia. Mkono mkavu wa fundi mwenye sugu unaweza kuwa na ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa makumi ya maelfu ya omu, ndiyo maana utasikia mafundi wanajisifu kwamba umeme hauwapati. Waloweshe mikono na miguu uone. Mwili uliolowa unashuka hadi karibu omu 1,000, na volti 190 gawanya kwa omu 1,000 ni ampia 0.19, yaani miliampia 190. Friji ni lilelile. Kilichobadilika ni mtu aliyetoka kudeki.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali ninaloulizwa sana: mbona betri ya gari ina mamia ya ampia na ukiishika kwa mikono mikavu husikii kitu? Volti 12 hazina nguvu ya kuusukuma umeme kupita ngozi yako. Kwa umeme wa kupishana kama wa nyumbani, mafundi tunachukulia volti 50 kuwa mpaka sehemu kavu, na 25 sehemu zenye maji. Na ile testa yako ya bisibisi? Taa yake ndogo inawaka kwa umeme unaopita mwilini mwako, ila umebanwa na rezista kubwa hadi haufiki hata miliampia 1. Siku kizuizi hicho kikilowa maji, itupe.

Mama akaniuliza, "Lakini si kuna breka?" Ipo, ya ampia 20. Breka ile inalinda waya usiungue. Wewe ukipitisha miliampia 230, kwayo ni kama umewasha balbu ya wati 50. Haitashtuka, itakuangalia tu mpaka mwisho.

Kinachokulinda ni kile kidude mafundi wengi tunakiita ELCB, dukani utasikia pia RCD au RCCB. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa miliampia 30, maana yake kuna mahali unapotea, labda kupitia kwako, na kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hakipunguzi ukali, utasikia kipigo, ila moyo haupewi muda wa kuharibika. Ukienda kununua, soma usoni: iwe imeandikwa 30mA au 0.03A. Zipo za 100 na 300, bei wakati mwingine inavutia, lakini hizo si za kulinda mtu. Ina kitufe cha T. Mimi changu nakibonyeza kila mwezi, nikimaliza kununua LUKU. Isipokata, ibadilishe. Na ukishika waya wa moto na nyutro, ule unaorudisha umeme, kwa pamoja huku umesimama pakavu, haitajua kwamba ni wewe, itadhani ni pasi.

Ukimkuta mtu amenaswa, usimguse. Zima meni swichi au chomoa plagi. Kama haiwezekani, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Hii ni kwa umeme wa nyumbani. Nguzo ya njia kubwa ikianguka kaa mbali na uwapigie simu wenye nyaya zao. Akishaachiwa na hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mtu mwingine anatafuta gari. Maziwa hayasaidii, nimeshaona yakimwagwa mdomoni mwa mtu aliyezimia. Hata akiinuka na kucheka, kama alizimia au anasikia moyo unakwenda mbio, apelekwe hospitali wakapime moyo.

Kwa yule mama tatizo lilikuwa ekstensheni ya bei rahisi isiyo na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na kompresa imeanza kuvujisha umeme. Nilipigilia nondo ya ethi nje, nikavuta waya mpya, nikafunga ELCB. Nilipoliwasha friji, ikakata papo hapo. Akanilaumu kwamba nimemharibia friji. Kompresa ikabadilishwa, mita ikasoma sifuri.

Wiki mbili baadaye nilirudi kudai salio langu. Nikakaribishwa maji. Ndala bado zipo palepale.