Maswali yenu kuhusu kupakia risasi mwenyewe: shabaha haiji kwa kuongeza baruti

Wakuu habari zenu. Tangu niseme kwamba hapa Texas napakia risasi zangu mwenyewe nyumbani kwa ajili ya kulenga shabaha na kuwinda, maswali yamekuja mengi, mengine ya walioko huku Marekani na mengine ya nyumbani, nimechukua yale yanayojirudia. Kwa ambao ni wageni wa haya mambo, risasi nzima ina vitu vinne tu: ganda la shaba, fataki inayowasha baruti pale kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa ambacho ndo kinaruka. Ukishafyatua ganda linabaki, unalirudisha mezani, unalisafisha, unalipitisha kwenye presi (mashine ya mkono ya kukandamiza) lirudi umbo lake, unaweka fataki mpya, baruti na kichwa. Basi.

Risasi dukani zipo, kwa nini ujisumbue? Unaokoa hela? (msomaji, Houston)

Kama unapiga boksi moja kwa mwaka usijisumbue kaka, kanunue. Hela ya presi na mizani hutaiona ikirudi. Mimi nafanya kwa ajili ya shabaha, na sababu yake ni hii: kiwanda kinachotengeneza .308 (kipimo cha risasi) kinatakiwa kitoe risasi itakayoingia na kufanya kazi kwenye kila bunduki ya .308 iliyouzwa tangu 1952 mpaka leo, ya chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) pana na ya chemba finyu, kwa hiyo wanaacha nafasi kila mahali. Mimi nina bunduki moja. Ganda likishafyatuliwa kwenye chemba yangu linatanuka linachukua umbo la chemba ile ile, na mimi nikilirudisha bega (pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingo) nyuma kwa sehemu mbili tu kati ya elfu moja za inchi, linaingia tena kama limeshonewa pale. Kichwa pia nakikalisha kina kinachofaa mtutu wangu na magazini yangu, sio ya mtu mwingine.

Nianze na vifaa gani? (msomaji, Dallas)

Presi ya kawaida ya kupakia moja moja, kalibu za kipimo cha bunduki yako (zinazofungwa kwenye presi kulirudisha ganda umbo lake), mizani, kalipa ya kupimia urefu, mafuta ya kupaka maganda, kifaa cha kukatia ganda likirefuka, na kitabu cha vipimo cha kampuni inayotengeneza baruti au vichwa. Hicho kitabu kinunue kwanza kabla ya presi, ukisome wiki nzima. Na mafuta usiyasahau hata kwa ganda moja, kwa sababu ganda kavu likiingia kwenye kalibu linanasa, unavuta mkono wa presi kitako kinachanika, na hapo jioni yako imeisha.

Nikiongeza baruti risasi itaenda kasi zaidi, si ndo italenga vizuri? (msomaji, Atlanta)

Hapana, na hili naomba nikae nalo kidogo maana ndo linaloumiza watu.

Shabaha inatokana na risasi kufanana. Ya kwanza ifanane na ya pili, ya pili na ya hamsini: ganda lile lile la kampuni moja, urefu ule ule, baruti uzito ule ule, kichwa kimekaa kina kile kile. Zikifanana zinatoka mtutuni kwa kasi inayokaribiana, na zikitoka hivyo zinaanguka sehemu moja. Chukua .308 yenye kichwa chenye uzito wa grein 168 inayotoka kama futi 2,650 kwa sekunde. Nyingine ikitoka futi 50 pungufu, kwenye yadi 100 huoni kitu, lakini peleka kibao yadi 600 na hiyo ya pili itapiga chini kama inchi 4 hivi, na wewe utalaumu pumzi yako, utalaumu upepo, kumbe ni mizani. Ndo maana tunapima kwa grein, ambapo gramu moja ni grein 15.4, na tunahangaika na sehemu ya kumi ya grein.

Sasa ukiongeza baruti unaongeza mgandamizo ndani ya chemba, kitu kinacholipuka sentimita chache kutoka jichoni kwako. Kitabu kinakupa kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho. Unaanza chini, unapanda kidogo kidogo, unapiga chache kila hatua na kuangalia ganda: fataki imelala bapa kabisa hadi kingo zake zimejaa? bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) imekuwa nzito kufungua? kitakoni kuna alama inayong'aa ya duara? Ukiona hata moja unasimama na kurudi chini, hata kama hujafika kipimo cha mwisho cha kitabu. Na kukosa dalili hizo sio ruhusa ya kupita kitabu. Mara nyingi bunduki yangu imetulia vizuri chini ya kipimo cha mwisho, tena kwa mbali tu.

Halafu joto. Huku kiangazi risasi ukiziacha juu ya dashibodi ya gari zinachemka, na baruti nyingine zikipata joto mgandamizo unapanda. Kipimo ulichokijaribu Januari hakiko vile vile Agosti. Weka risasi kivulini, na usiache moja ikae kwenye chemba ya moto huku unapiga stori.

Nimepiga tatu zimeingia karibu tundu moja! Nimeshapata kipimo changu? (msomaji, Minneapolis)

Hongera, ila bado mkuu. Tatu ni chache mno. Rudia kipimo kile kile kesho, utaona nyingine tatu zimetawanyika, na hujabadilisha kitu chochote. Tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati, kumi haziwezi kukudanganya kirahisi hivyo. Mimi napiga tano mara tatu, siku tofauti, halafu naangalia kundi lililo baya kuliko yote maana hilo ndo linaloniambia ukweli. Kama hata hilo baya linakaa ndani ya inchi moja kwenye yadi 100, ambayo ni karibu sana na ile dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya digrii, yaani inchi 1.047 kwenye yadi 100), bunduki ya kuwinda hiyo ni nzuri sana, acha kuisumbua nenda kafanye mazoezi ya kulenga. Na andika. Kila boksi lina karatasi yake: tarehe, ganda, limepigwa mara ngapi, baruti gani, kopo la namba gani, joto la siku ile.

Ganda moja linarudiwa mara ngapi? (msomaji, Houston)

Inategemea shaba, mgandamizo, na unavyolitendea. Angalia shingo, shaba inakuwa ngumu kila inapokunjwa na mwishowe inapasuka. Angalia pia juu kidogo ya kitako: ukiona mstari mng'avu unaozunguka ganda, chukua waya ulioukunja ncha, pitisha ndani taratibu, kama ncha inaingia kwenye kishimo basi ganda linakaribia kukatika. Tupa, na lile boksi zima likague. Chungulia ndani kwa tochi pia, ukiona tundu moja katikati ni la aina ya Boxer, hilo linarudiwa. Ukiona matundu mawili madogo ni Berdan, presi yako haitaweza kuitoa fataki, achana nalo. Ajabu yake ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Marekani ndo wanatumia ya Boxer.

Niko kwa visa ya masomo, naweza kununua baruti na fataki nianze taratibu? (msomaji, Ohio)

Usinunue kitu mdogo wangu. Sheria ya shirikisho inakataza mwenye visa ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo, na kwenye sheria hiyo neno risasi linahesabu mpaka ganda tupu, fataki, kichwa na baruti. Yaani hata kopo la baruti peke yake. Ongea na wakili wa uhamiaji kwanza. Mwenye green card hayumo kwenye katazo hilo.

Niko Arusha, bunduki yangu ina leseni. Naweza kufanya hivyo nyumbani?

Hapana. Leseni ya kumiliki bunduki sio leseni ya kutengeneza risasi, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kwa wa Kenya kuna Firearms Act, Sura ya 114. Unachoweza: nunua aina mbili tatu kwa muuzaji mwenye leseni, zipige kwa utulivu, ile inayokaa vizuri kwenye mtutu wako nunua maboksi yenye namba ile ile ya toleo la kiwandani. Kufanana kule kule, ila kiwanda kimekufanyia. Na usimwambie ndugu wa huku akubebee baruti, ndege za huku haziruhusu baruti wala fataki, begi la mkononi wala la chini.

Nimepakia risasi 20 na sina uhakika kama zote nimeweka baruti. Nizipige tu? (msomaji, Dallas)

Usipige hata moja! Fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa kikanasa katikati ya mtutu, ukifyatua ya pili nyuma yake mtutu unapasuka. Na kutikisa sikioni hakutoshi. Zifungue zote.

Mwaka wangu wa kwanza niliacha makopo mawili ya baruti mezani, simu ikaita, niliporudi nikaendelea, nimeshamaliza 50 ndo nakuta kopo lililo wazi sio nililodhani. Sikujua ni ngapi zilipata ipi. Nilichukua ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa, nikagonga moja moja jioni mbili, baruti yote nikaimwaga kwenye majani nyuma ya nyumba, nikatetemeka kidogo nikifikiria kesho yake nilipanga kwenda kupiga. Siku hizi kopo moja tu ndo linakaa mezani, mengine yamefungiwa kabatini. Maganda yakiwa yamesimama kwenye ubao wake naya­mulika yote kwa tochi kutoka juu, baruti iwe imefika kimo kimoja kwenye kila ganda, na kabla sijaona hivyo sikalishi kichwa hata kimoja, simu ikiita inaita.