Mfumo Hausahihishi Mitihani

Matokeo ya muhula yametoka na barua zimemiminika. Karibu zote zina mshtakiwa mmoja: mfumo wa kompyuta wa matokeo ya chuo. Mfumo umenikata, mfumo umenionea, mfumo umekula alama zangu. Nimechagua chache, zikiwemo mbili ambazo hazikutoka kwa wanafunzi.

Shikamoo mwalimu. Nina A tatu na C mbili. Nikipiga hesabu napata GPA (wastani wa alama) ya 3.8, mfumo unaonyesha 3.5. Nimwone nani? (Mwaka wa pili, Dodoma)

Marahaba. Anza na kikotoo chako. Umejumlisha pointi ukagawa kwa tano, kana kwamba kozi zote zina uzito mmoja. Kwenye skrinshoti uliyonitumia, A zako zote tatu ni za kozi za krediti 8, na C zako mbili ni za kozi za krediti 12. A ni pointi 5, C ni pointi 2. Kwa hiyo A zinakupa 120, C zinakupa 48, jumla 168. Gawa kwa krediti zote 48: ni 3.5 kamili. Hujaibiwa.

Ila hukuniuliza jambo moja na nitakujibu hivyohivyo. A zako zimetoka kwenye kozi za pembeni, C zimetoka kwenye kozi za fani uliyoendea chuo. Krediti 12 maana yake kozi hiyo imekadiriwa saa 120 za kazi, vipindi na msuli wako wa kujisomea ukihesabiwa humo. Uliipa ngapi? 3.5 ndiyo kizingiti cha daraja la pili la juu, na umesimama juu ya kizingiti chenyewe. C nyingine moja kubwa muhula ujao inaweza kukushusha.

Nimemaliza na GPA ya 3.4. Kuna namna ya kuifikisha 3.5? (Mwanza)

Hapana. Anayekwambia ipo anataka hela yako.

Tasnifu yangu imetoka Turnitin na asilimia 27. Msimamizi amesema nimeiba, nirudie yote. Nimeandika mwenyewe. (Uzamili, Dar es Salaam)

Turnitin ni programu inayopima mfanano wa maandishi na kazi za wengine, haipimi wizi, na kampuni yenyewe imekuwa ikisema hivyo miaka yote. Kazi ya kuamua kama mfanano ule ni wizi ni ya binadamu anayeifungua ripoti na kuisoma. Omba ripoti kamili yenye rangi, si ile namba iliyozungushiwa duara. Keti na msimamizi wako mpite ukurasa kwa ukurasa. Mtakuta orodha ya marejeleo, majina ya sheria na taasisi, maneno ya dodoso, na ile sentensi ya sura ya tatu inayoeleza jinsi sampuli ilivyochaguliwa, ambayo kila tasnifu nchini inayo. Asilimia 27 iliyokusanyika kwa vipande vidogo kutoka vyanzo sitini inaweza isiwe kosa lolote. Asilimia 9 kutoka tasnifu moja ya mtu mmoja ni wizi, na hapo msimamizi akikung'ang'ania nitamuunga mkono.

Usiende kwa vijana wa steshenari wanao"shusha asilimia" kwa malipo. Wanabadilisha neno hili kwa lile hadi Kiingereza chako kinakosa maana, na siku ya kutetea utaulizwa sentensi hiyo ulikusudia nini.

Mhadhiri kapitisha asaimenti yangu kwenye kifaa, kikasema asilimia 80 imeandikwa na akili mnemba. Kanipa sifuri bila kuniuliza. (Morogoro)

Hili naomba walimu wenzangu nao walisome.

ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Miezi michache baadaye OpenAI, wenye ChatGPT yao, wakatoa kifaa cha kutambua maandishi ya mashine. Julai 2023 wakakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kikazima kigunduzi cha akili mnemba cha Turnitin. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu zikahesabiwa kuwa kazi ya mashine, wakati insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote.

Sababu haina uchawi. Vigunduzi vile hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Sasa mchukue mtoto aliyesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na nyumbani huenda wanaongea Kigogo. Anaandika kwa maneno machache anayoyaamini, kwa sentensi alizozizoea. Maandishi yake yanatabirika kwa sababu anaogopa kukosea. Kumpa sifuri kwa hilo ni kumwadhibu kwa sera ya lugha ambayo hakuitunga yeye.

Wewe mwanafunzi, omba uhojiwe ana kwa ana kwa dakika kumi juu ya ulichoandika. Peleka rasimu, daftari, na historia ya faili kama uliandika kwenye Google Docs. Tuhuma ya udanganyifu ina utaratibu wake kwenye kanuni za mitihani za chuo chako, na kugawa sifuri kimyakimya hakumo.

Na kama kweli uliiandikisha mashine, usikate rufaa. Dakika kumi hizo zitakuumbua.

Nitumieje ChatGPT bila kukamatwa? (Wengi, mikoa yote)

Nimechoka na swali hili. Mnakamatwa na marejeleo: kitabu hakipo, jarida halina toleo hilo, mwandishi alishafariki kabla ya mwaka mliouandika. Kusoma mnachowasilisha nako mnaona kazi?

Nilifanya testi zote mbili, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) nikafanya, lakini CA (alama za testi na kazi za muhula) haipo na kozi imeandikwa haijakamilika. Idara wanasema ni mfumo. Watu wa TEHAMA wanasema ni idara. CR, kiongozi wetu wa darasa, anasema tusubiri. (Mwaka wa tatu, Arusha)

Msisubiri. Alama haziingii zenyewe. Kuna mtu aliyekaa na lundo la karatasi na jedwali la Excel, akachapa namba za usajili moja baada ya nyingine. Tarakimu moja ikiruka, alama zako zimekwenda kwa mwingine au zimekwenda hewani. Mtu huyo ana jina na ana ofisi, ila anayekujibu "ni mfumo" hataki umfuate. Wenzetu Kenya wana ugonjwa huuhuu wa alama kupotea, na wapo waliochelewa kuhitimu kwa ajili yake.

Andika barua. Sauti ya WhatsApp kwa CR si barua. Itaje kozi, tarehe za testi zote mbili na jina la mhadhiri. Nakala kwa mkuu wa idara. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu madai yana muda wake na ukipita utaambiwa ulikaa kimya. Ambatanisha karatasi ya testi iliyosahihishwa.

Ambayo, nina hakika, umeshaitupa. Kila muhula nawaambia mtunze karatasi za testi hadi mshike cheti, na kila muhula nazikuta zimefungia karanga.

Nina darasa la wanafunzi 400. Kuna ubaya gani insha zikisahihishwa na akili mnemba? (Mhadhiri msaidizi)

Najua hesabu yako: dakika kumi kila insha ni zaidi ya saa 66, na mshahara ni uleule. Maswali ya kuchagua yasahihishe kwa mashine upendavyo, hilo ni jambo la zamani. Kwa insha, kwanza kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kazi yenye jina na namba ya usajili ya mtu huipandishi kwenye mtambo wa kampuni ya ng'ambo kwa uamuzi wako binafsi. Pili, mwanafunzi akija mlangoni kuuliza kwa nini kapata 11 kati ya 20, utamjibu nini? Utamjibu kwamba ni mfumo.

Punguza insha, fupisha urefu, na uandikie idara kuomba wasaidizi wa kusahihisha. Wakikunyima, nakala ya barua ibaki kwako.

Mwanangu kachaguliwa chuo. Anadai kompyuta mpya ya milioni mbili na nusu, eti siku hizi masomo ni mtandaoni. (Mzazi, Mbeya)

Kwa kozi nyingi, kompyuta iliyotumika inatosha kabisa, ilimradi betri ikae. Vimbweta, yaani meza za nje za kujisomea, vingi havina soketi, na vyenye soketi hukaliwa tangu alfajiri. Kinachobaki mwekee hela ya bando, maana boom, hela ya mkopo wa wanafunzi, huchelewa na slaidi hutumwa usiku. Wanaohitaji mashine yenye nguvu ni wa usanifu majengo, uhandisi na wachache wengine. Hukuniambia anakwenda kusoma nini. Muulize, kisha uniandikie tena.