Mzee wa Kaseti Anajibu: Albamu Isiyo na Jina

Majuma mawili yaliyopita niliisifu hapa albamu ya Sigur Rós, bendi ya roki ya Iceland: ile ya mwaka 2002 ambayo mahali pa jina ina mabano mawili tu, basi. Sikutarajia barua. Zimekuja, na nyingi zimekuja na ndita usoni.

*Shikamoo Mzee wa Kaseti. Kwa maneno yako niliitafuta hiyo CD, nikaipata kwenye mitumba pale Toi, shilingi 300. Nyimbo hazina majina. Kijitabu chake ni kurasa tupu, ila mmoja ambao mtu ameandika kwa penseli maneno nisiyoyaelewa. Wimbo wa nne ukiisha, kimya. Nikaitoa, nikaipangusa kwa fulana, nikairudisha. Kimya tena palepale. Muuzaji amekataa kurudisha pesa. Nimeuziwa bandia? — Mliwa, Kawangware*

Marahaba, Mliwa. Hujaliwa. Hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nyimbo ni nane na hakuna hata mmoja wenye jina kwenye jalada, na kati ya wa nne na wa tano wameacha sekunde 36 za kimya. Mimi niliuza kaseti River Road miaka kumi na minne. Mara ya kwanza kile kimya kilipofika, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kugeuza upande wa pili. Nilikuwa nimeshika iafoni na simu, hakuna cha kugeuza. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kurasa tupu nazo ni za makusudi: msikilizaji aandike au achore mwenyewe alichosikia. Nakala yangu ukurasa wa kwanza una mwandiko wa binti yangu: "Basi linaondoka na mtu hajapanda." Wa pili nimeandika mimi: "Mtito Andei, saa tisa usiku, chai haina sukari." Wa tatu ni mama watoto: "Unga kilo mbili, kiberiti, vitunguu." Hakuwa anaisikiliza albamu, alikuwa anatafuta karatasi, lakini sijaufuta.

Sasa hiyo penseli yako. Kuna mtu huko ng'ambo aliisikiliza CD hiyo, akaandika kilichomjia, kisha ikaingia kwenye marobota hadi Toi. Ukiona umepunjwa, niletee. Nakupa 400 kwa ukurasa ule tu, CD ubaki nayo.

*Mzee, mume wangu anasema hizi ni nyimbo za mochari na amenikataza kuzipiga sebuleni wageni wakiwepo. Mimi zinanituliza nikitoka zamu ya usiku. Tafadhali tuamulie. Na yule kijana anaimba lugha gani? — Mama Zamu, Umoja*

Pole kwa zamu, mama. Naanza na lugha, maana watano wameuliza hilo hilo. Si Kiaislandi na si lugha ya mtu yeyote. Wanaiita Vonlenska, kutokana na neno "von", ambalo kwao ni tumaini. Ni silabi tu; Jónsi, ndiye huyo kijana anayeimba, anaitumia sauti yake kama zumari. Albamu hii nzima imeimbwa hivyo.

Wapo walioandika kwamba wimbo usio na maneno si wimbo. Haya, nauliza: sisi wa Nairobi tuna haki gani ya kudai maneno? Harusini na kwenye matatu tumeitikia Kilingala kwa sauti ya kupasua koo, vidole juu, na ukimsimamisha mmoja umwulize maana atakwambia, "Ni mapenzi." Mengine ni mapenzi kweli. Mengine ni mtu anadai deni lake. Hakuna aliyeacha kucheza.

Kuhusu mochari, mumeo ana nusu ya haki, na asijue nimesema. Nyimbo nne za mwanzo zina mwanga. Nne za mwisho zinaingia gizani. Ule wa saba wanabendi wenyewe huuita Dauðalagið, yaani wimbo wa kifo, na unafika dakika kumi na tatu. Huwa nauruka. Nimeupa nafasi nyingi, mvua ikinyesha, stima ikipotea, na bado naona wangeukata katikati. Lakini wa nane! Unaanza kwa gitaa linalonong'ona, unakaa, unakaa, halafu ngoma zinaanguka kama mabati ya jirani kwenye upepo. Wageni wakiwepo wapigie wa tatu, kinanda kitupu kinachozunguka. Mumeo hatajua kama ni albamu ileile.

*Mimi napiga gitaa kanisani. Nimesikia jamaa anapiga gitaa kwa upinde. Nimejaribu kwa upinde wa orutu (fidla ya Waluo) wa babu, likalia kama mlango wa choo. Nakosea wapi? — Nyuzi Sita, Kariobangi*

Kwanza urudishe upinde wa babu kabla hajajua. Pili, orutu ina uzi mmoja, hivyo upinde haukosei njia. Nyuzi za gitaa zimelala karibu sawasawa, kwa hiyo upinde unagusa kadhaa kwa pamoja. Jónsi anatumia upinde wa selo, ambao ni mzito zaidi, na gitaa la umeme lililotiwa mwangwi mwingi, kiasi kwamba ile mikwaruzo inayeyuka. Paka ulimbo mkavu kwenye manyoya ya upinde, la sivyo yatateleza tu. Na tafuta chumba chenye mwangwi. Wenzako walirekodi katika bwawa la kuogelea la zamani, nje ya mji wa Reykjavík, walilolifanya studio. Wewe anza na bafu, mapema, kabla majirani hawajaanza kupanga foleni na ndoo.

*Inafaa kwa nganya? — Makanga, Rongai*

Hapana, kwa matatu haifai. Niliwahi kumwomba dereva mmoja aipige tukiwa kwenye foleni Lang'ata Road. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, abiria wawili wakauliza kama tumefiwa, naye akanirudishia flashi yangu kupitia dirishani.