Warsha za bahari: maswali yenu kutoka pwani

Wiki hizi yamekuja maswali mengi kuhusu mikutano ya kuthamini na kulinda bahari, ile ya siku mbili tatu yenye karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi na chai ya saa nne. Wengine mmeshahudhuria, wengine mmealikwa na hamjui mnakwenda kufanya nini. Nimechagua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nimepata barua ya mwaliko wa warsha ya kuthamini bahari. Wazee wetu wanasema bahari ikishapewa bei, itauzwa. Ni kweli? (Mvuvi, Kilwa)

Wazee wana sababu ya kuingia wasiwasi. Pwani hii watu wameshaona ufukwe unapimwa leo, kesho umezungushiwa ukuta. Lakini kinachofanyika kwenye warsha hizi ni hesabu, si mnada. Mtaulizwa bahari inawapa nini, nani anakipata, na kikiharibika mtapoteza kiasi gani. Samaki hawana shida, bei yao inajulikana sokoni. Kazi inaanza kwa vitu visivyonadiwa: mikoko inayozuia mawimbi yasile mashamba ya minazi, nyasi za bahari wanamokulia samaki wadogo aina ya tafi, mwamba unaovunja nguvu ya maji kabla hayajafika majumbani.

Kwa nini mjisumbue? Kwa sababu mwenye hoteli anaye mhasibu, na mchokoa pweza hana. Siku mradi wa gati au hoteli unapojadiliwa wilayani, hesabu ya mwekezaji itakuwa mezani. Yenu isipokuwepo, itachukuliwa kuwa ni sifuri.

Tazama Gazi, kusini mwa Mombasa, Kaunti ya Kwale. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa pale, yaani hewa ukaa ambayo mikoko huifyonza na kuifungia, kiasi cha tani 3,000 hivi za hewa ukaa kwa mwaka. Miti ipo palepale, hakuna aliyeinunua. Fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule, na wanakijiji wenyewe hujadili zitumikeje. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walifuata kwa eneo kubwa zaidi, la zaidi ya hekta 400.

Sisemi kila mkataba wa namna hii ni mzuri. Kabla ya kutia saini ulizeni ni wa miaka mingapi, nani mnunuzi, shilingi ngapi katika kila mia inabaki kijijini, na bei ya kaboni ikianguka nani anabeba hasara. Mwezeshaji akijibu kwa kuzungukazunguka, msitie saini siku hiyo.

Kwenye mikutano yote ya bahari hapa kwetu wanaozungumza ni wanaume. Sisi tunaochokoa pweza na kulima mwani tunaitwa kupika chakula. Tufanyeje? (Mama wa Pemba)

Mama, hili ndilo swali lililonifanya niandike safu hii, kwa hiyo univumilie nikilijibu kwa kirefu.

Mwamba wa maji madogo anaujua anayeutembea kwa miguu kila bamvua, siku zile maji yanapokupwa sana. Mwanamume mwenye mashua hupita juu yake akienda mbali. Ukiitisha kikao cha kulinda mwamba huo ukawaita wenye mashua peke yao, umewaita wasiohusika sana. Kisha ndio wanaoamua ufungwe!

Kufunga kwenyewe, yaani kuacha kuvua pweza pale kwa miezi kadhaa, kuna maana. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani, huyalinda mayai yake pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, halafu hufa. Hata hivyo anakua upesi ajabu, kiasi kwamba aliyeachwa miezi miwili mitatu anaongeza uzito mara kadhaa. Ndiyo maana kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilipojaribu kufunga eneo la pweza mwaka 2004, vijiji jirani viliiga, na mtindo huo ukavuka mpaka Zanzibar. Kisiwa Panza, huko huko kwenu Pemba, wamekuwa wakifunga na kufungua kwa zamu.

Sasa angalia nani analipia miezi ya kufunga. Mwanamume mwenye miwani ya kuzamia anahamia mwamba wa mbali. Mwanamke aendaye kwa miguu hana pa kuhamia, na sufuria ya nyumbani haijui kwamba mwamba umefungwa. Halafu inakuja siku ya kufungua: watu wanamiminika hata kutoka shehia nyingine (eneo linaloongozwa na sheha), wazamiaji wanachukua pweza wakubwa asubuhi tu, na kwa kuwa pweza ni wengi, mchuuzi anashusha bei. Aliyengoja miezi mitatu anarudi na wawili wadogo.

Kwa hiyo msiombe tu kuhudhuria. Dai kikao cha wanawake peke yao, kiongozwe na mwanamke, na matokeo yake ayasome mmoja wenu mbele ya wote, asisomewe na katibu. Dai kipande cha karibu kibaki wazi. Dai siku ya kufungua wanaokwenda kwa miguu watangulie, na bei na wachuuzi ikubaliwe kabla, si pale ufukweni pweza wakiwa wameshatoka majini.

Na mwani pia. Umelimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Ndio walioona mwani wa aina ya kotonii ukifa kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto. Ajabu ni kwamba barua za mwaliko zinaandikwa "kwa wavuvi", basi mkulima wa mwani anabaki nyumbani. Mwambieni sheha abadilishe barua.

Tulipewa karatasi tuchore maeneo tunayovua. Baba alikataa kata kata kuonyesha miamba yake. Mwezeshaji akasema baba anapinga maendeleo. (Kijana, Tanga)

Baba yako hapingi kitu. Mwamba anaoupata kwa kulinganisha mnazi huu na kilima kile ni mali aliyorithi, na akiuchora leo, keshokutwa mwenye kifaa cha setilaiti anafika kabla yake.

Ila kukataa kabisa nako kuna hasara. Wapangaji wa bandari, mabomba na vitalu vya gesi hutazama ramani, na pasipochorwa kitu huonekana ni maji matupu. Njia ya kati ipo: choreni maeneo kwa upana (hapa tunavua kwa mishipi, hapa wanawake wanachokoa, hapa samaki huzaa) bila nukta ya mwamba wa mtu. Tumieni majina yenu ya mahali. Karatasi ya asili ibaki ofisi ya kijiji, wageni wapige picha. Nimeona mara nyingi kinyume chake: wageni wanaondoka na karatasi, kijiji kinabaki na kalamu.

Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, ilianzia kwenye mazungumzo ya aina hii. Wavuvi walikubaliana kuweka kando kama hekta 30 za mwamba, eneo wanaloliita tengefu, miaka ya katikati ya 2000, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mpaka wake waliuchora wanaovua pale.

Kwa nini watu wanadai posho? Kama bahari ni yao, si waje bure? (Msomaji, Dar es Salaam)

Afisa aliyetoka mjini analipwa posho ya safari, na kulala kwake hotelini kunalipiwa. Mvuvi aliyeacha bahari siku mbili anapewa soda na maandazi, halafu tunamwambia ajitolee. Mlipeni nauli, chakula na kitu cha kufidia kazi ya siku, kiwango kimoja kwa wote, kibandikwe ukutani. Ubaya unaanza pale mwenyekiti anapoita jamaa zake wale wale kila warsha, mpaka kijijini wakajulikana kwa jina la kazi hiyo.

Tuliafikiana kwenye warsha hakuna juya (wavu wa kukokota) kwenye eneo letu. Wiki iliyofuata wavuvi kutoka mbali wakaja na juya. Makubaliano yetu yana nguvu gani? (Katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, Mkuranga)

Yakibaki kwenye karatasi ya warsha, hayana nguvu. Upande wa Tanzania Bara mnayo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na juya la kukokota limepigwa marufuku hata bila kikao chenu. Mliyoyaongeza wenyewe, kama kufunga eneo au kupanga zamu, yageuzeni sheria ndogo: serikali ya kijiji ipendekeze, mkutano mkuu wa kijiji uyajadili, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Inachukua muda na inachosha. Kenya BMU zina kanuni zake tangu 2007, na Zanzibar kazi hiyo wanayo kamati za wavuvi za shehia.

Lakini kosa kubwa, nadhani, lilikuwa kwenye orodha ya walioalikwa. Watu wa dago, yaani wavuvi wanaopiga kambi ugenini, wamehama na misimu tangu enzi za babu zetu: Wapemba wanapiga kambi mpaka pwani ya Kenya, wa Mafia na Kilwa wanapishana. Nahodha wa dago hakuwepo mlipoafikiana, basi kwake hakuna mapatano. Msimu wa upepo wa kaskazi unapokaribia, mwiteni pamoja na mwenyeji anayempa kambi na tajiri anayenunua samaki wake. Tajiri hasa. Akisema hanunui samaki wa juya, juya halishuki.

Uvuvi wa baruti ulimalizwa na warsha au na doria? (Mzamiaji, Tanga)

Doria, kwa sehemu kubwa. Huko kwenu programu ya kuhifadhi pwani ilianza 1994, vijiji vikakaa pamoja, vikapanga maeneo yao, na milipuko ikapungua miaka hiyo kwa msaada wa doria za serikali. Doria zilipolegea, milipuko ikarudi na kusambaa. Iliyopunguza sana ni operesheni ya karibu na 2016 na baada ya hapo, pale vyombo kadhaa vilipofanya kazi pamoja na kufuatilia hadi baruti inakotoka, badala ya kumkimbiza kijana mwenye chupa ya baruti peke yake.

Hata hivyo polisi hawaoni gizani. Majina walipewa na watu wa vijijini, na mtu hataji jina la jirani yake kama hajawahi kukaa na wenzake akasikia kuwa nao wamechoka. Kwa hilo warsha zilikuwa na mchango, ingawa hauandikwi kwenye ripoti.

Mgeni mmoja alisema dunia imekubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030. Tutafukuzwa? (Mchuuzi wa samaki, Mafia)

Makubaliano hayo ni ya Desemba 2022, yalifikiwa Montreal, Kanada. Hayasemi uvuvi upigwe marufuku kwenye asilimia 30, na yanataka haki za wenyeji ziheshimiwe. Wewe uko Mafia, unaishi ndani ya mfano: hifadhi yenu ya bahari ipo tangu 1995, watu wanaishi ndani yake, na imegawanywa kanda, nyingine hakivuliwi kitu, nyingine mnavua kwa masharti. Migogoro ipo, hilo mnalijua kuliko mimi. Mgeni akitaja asilimia, mwombe aonyeshe mstari kwenye ramani na aseme ndani yake nyavu gani zinaruhusiwa. Ugomvi wote umo kwenye kanda.

Sisi tuko Dodoma, bahari inatuhusu nini? (Mwanafunzi)

Chupa ya plastiki inayotupwa mtoni bara husafiri na mvua mpaka pwani, na Rufiji inamwaga maji yake kwenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki. Anzeni klabu shuleni.

Shirika letu linaandaa warsha Msambweni. Tumealika wanawake mara mbili, hawaji. (Mratibu kijana, Mombasa)

Mliwaalika siku gani? Nimeangalia tarehe mlizonitumia: zote mbili ni bamvua, saa nne asubuhi. Pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano, na huo ndio muda mwamba uko wazi. Mliwataka waache chakula waje kusikiliza umuhimu wa chakula hicho.

Wekeni maji mafu, yaani siku maji yasipokupwa sana, siku saba hivi baada ya bamvua, mchana baada ya Adhuhuri. Ijumaa muiache, na Ramadhani muiache kabisa. Mkiwataka wavuvi wa dagaa wa taa, hao hupumzika mbalamwezi, kwa hiyo kikao chao kiwe kingine, na kisiwe asubuhi kwa kuwa wake zao wako mwambani na watoto wako nao nyumbani. Na muhtasari uandikwe kwa Kiswahili siku hiyo hiyo, usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa BMU na nyingine kwa kikundi cha akina mama.