Msaidizi wa programu husahau kila kikao: ninunue kumbukumbu?

SWALI: Mtaalamu, natengeneza mfumo wa kupokea ada za shule kwa Laravel (kiunzi cha PHP), nikisaidiwa na Claude Code, msaidizi wa akili bandia anayeandika msimbo. Kila nikifungua kikao kipya naanza moja: naeleza upya jedwali zilivyopangwa, malipo ya M-Pesa yanavyopokelewa, hata amri ya kuendesha majaribio. Kuna jamaa anauza huduma inayohifadhi mazungumzo yote milele, unalipia kwa mwezi. Anasema msaidizi atakuwa anajifunza mradi wangu siku hadi siku. Nilipe? Msomaji, Kisumu.

JIBU: Usilipe. Huyo jamaa ama anakudanganya au hajui anachouza. Modeli, yaani akili bandia yenyewe inayokujibu, haijifunzi lolote kutokana na mazungumzo yako ya jana. Kila unapotuma ujumbe, programu iliyo kwenye kompyuta yako huipelekea upya mazungumzo yote ya kikao hicho pamoja na faili zilizosomwa. Ukianza kikao kipya, inaanza na ukurasa mtupu. Chochote kinachouzwa kwa jina la kumbukumbu hufanya kazi ileile: huweka maandishi mahali, kisha huyarudisha mbele ya modeli baadaye. Cha kuuliza ni maandishi gani yanarudishwa, na nani aliyeyachagua.

Yachague wewe. Claude Code husoma faili ya CLAUDE.md iliyo kwenye folda kuu ya mradi kila kikao kinapoanza, bila malipo ya ziada. Kama wenzako wanatumia wasaidizi wengine, yaandike maelekezo kwenye AGENTS.md, kisha ndani ya CLAUDE.md weka mstari mmoja tu: @AGENTS.md. Amri ya /init itakutengenezea rasimu, lakini ikate bila huruma, maana hujaza mambo ambayo msaidizi angeyaona mwenyewe kwa kufungua folda. Kinachostahili kubaki ni kile ambacho msimbo hausemi. Kwa mfumo wako, mistari kama hii (STK Push ni ombi la malipo ya M-Pesa linalotokea kwenye simu ya mzazi; CallBackURL ni anwani yako inayopokea matokeo, na ResultCode 0 maana yake yamefanikiwa; migration ni faili inayobadilisha muundo wa jedwali):

Kiasi cha STK Push ni namba nzima, bila senti. Namba ya simu huanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Ombi kukubaliwa si malipo: usiandike "imelipwa" mpaka CallBackURL ilete ResultCode 0. Usihariri migration iliyokwisha kuendeshwa; unda mpya. Majaribio: php artisan test.

Mistari mia moja inatosha, na hamsini ni bora zaidi. Kazi inayoendelea iweke kando, tuseme docs/hali.md: kilichokamilika, kilichovunjika, hatua inayofuata. Kabla ya kufunga kikao mwambie msaidizi aisasishe, uisome mwenyewe, ndipo uiingize kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo. Ukitaka tu kuendelea na kikao cha mwisho, amri ya claude --continue inatosha.

Sasa hiyo "kuhifadhi yote milele". Hapa ndipo watu wanapoharibu miradi. Chukulia Jumatatu mliamua salio la mwanafunzi likae kwenye safu ya jedwali la wanafunzi. Alhamisi mkaona linakosewa malipo mawili yakiingia pamoja, mkahamia kwenye daftari la miamala. Hazina ya mazungumzo inayo yote mawili. Utafutaji wa namna hiyo kwa kawaida huangalia kufanana kwa maneno au maana, haujui uamuzi upi ulifutwa, na kama la Jumatatu mlilijadili kirefu zaidi, huenda ndilo litakaloibuka kwanza. Hapo msaidizi ataandika, kwa kujiamini kabisa, msimbo unaosasisha safu ambayo haipo tena. Kwenye CLAUDE.md ungefuta mstari mmoja, yakaisha. Tena kurundika kuna hasara yake: mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wenzao walionyesha kuwa modeli walizozipima hukosea zaidi jibu linapokuwa katikati ya maandishi marefu kuliko likiwa mwanzoni au mwishoni.

Na mazungumzo hayo yana nini ndani? Consumer Secret (ufunguo wa siri wa kuunganisha mfumo wako na M-Pesa) uliyobandika ukitafuta hitilafu, namba za simu za wazazi, majina ya watoto. Kuyapeleka kwenye seva ya mtu usiyemjua, huku Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikikubana hapo Kenya, ni kujitafutia kesi.

Wanaogawa faili za maelekezo "zilizokamilika" mitandaoni nao wananiudhi vilevile. Machi 2025 Pillar Security walionyesha kuwa faili za namna hiyo, kwa wasaidizi wa Cursor na Copilot, zinaweza kufichwa amri kwa herufi za Unicode zisizoonekana, msaidizi akazitii na wewe usione kitu. Ukilazimika kutumia ya mtu, ipitishe kwanza kwenye cat -A katika Linux, amri inayoonyesha herufi zisizo za kawaida kwa alama ya M-. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida tupu, kwa hiyo ukiona rundo la M- lisiloelezwa na alama za kunukuu zilizopinda au emoji, itupe.

Jambo jingine: CLAUDE.md ni ushauri, si kufuli. Kuandika humo "usisome .env" (faili yenye siri za mradi) hakuzuii chochote siku msaidizi akipitiwa. Kizuizi chenyewe huwekwa kwenye .claude/settings.json, chini ya permissions, katika orodha ya deny: "Read(./.env)". Na kama Consumer Secret imeshapita kwenye mazungumzo yoyote, tengeneza nyingine leo hii kwenye Daraja, tovuti ya Safaricom ya waunda programu.